Muuguzi Mpya Aliyeachishwa Kazi kwa Kosa: Haki Zako na Pa Kuanzia

Wauguzi wengi wanaopoteza ajira ya kwanza kwa kosa la kikazi huondoka wodini wakiamini wamepoteza na taaluma yenyewe. Ajira na taaluma ni vitu viwili, na nchini Tanzania kila kimoja kina chombo chake. Majibu haya yanawahusu zaidi walioajiriwa katika vituo binafsi na vya mashirika ya dini.

Je, leseni yangu imekufa?
Hapana. Mwajiri anaweza kusitisha mkataba wake na wewe, basi. Usajili na leseni viko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2010, nalo lina utaratibu wake wa kusikiliza malalamiko. Ukiitwa, nenda ukaeleze ukweli.

Nasikia ukifukuzwa jina huingizwa kwenye orodha ya siri. Ni kweli?
Hofu hii inaeleweka, maana waajiri hupigiana simu kuulizia mtumishi. Lakini simu ya mwajiri haimwondoi mtu kwenye daftari la wauguzi. Anayekudai fedha ili “akusafishie jina” ni kishoka, usimpe.

Nina haki ya kulalamika?
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki: ujulishwe tuhuma, upewe nafasi ya kujitetea. Kama hayo hayakufanyika, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Kwa bahati mbaya, ulinzi huu hauwahusu waliofanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, na wauguzi wapya wengi wamo humo. Hata hao wanastahili mshahara wa siku walizofanya kazi na cheti cha utumishi, yaani hati inayothibitisha kuwa ulifanya kazi hapo. Watumishi wa serikali wana njia yao ya rufaa ndani ya utumishi wa umma.

Nimwambie mwajiri mpya?
Mwambie, kwa ufupi na bila kumlaumu mtu. Tuseme kichupa cha potasiamu kloridi kilikaa kasha moja na maji ya kuyeyushia dawa, vinafanana, ukachukua kisicho sahihi na mwenzako akakuzuia kabla hujamchoma mgonjwa. Eleza kilichotokea, kwamba ulimjulisha kiongozi wa zamu papo hapo, na unachofanya sasa: kusoma lebo unapochukua dawa, unapoivuta kwenye sindano na kabla ya kuitoa, na kumwomba mwenzako ahakiki dawa za hatari. Msimamizi mzoefu anajua makosa ya dawa hutokea; anachotaka kujua ni kama utasema likitokea tena. Ndiyo maana kubadilisha faili la mgonjwa ili kuficha kosa ni jambo baya kuliko kosa lenyewe.

Silali, naliona tukio kila nikifumba macho. Je, sifai kazi hii?
Hali hiyo inajulikana. Mwaka 2000 daktari Albert Wu wa Marekani aliandika kwamba mhudumu aliyekosea naye huumia, ingawa mgonjwa ndiye wa kwanza kuhudumiwa na kuelezwa ukweli. Zungumza na muuguzi mkubwa unayemwamini. Usingizi ukikosekana kwa wiki kadhaa, muone mtaalamu wa afya ya akili. Unaposimulia tukio, usitaje jina la mgonjwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Nianzie wapi?
Huisha leseni kwa wakati na hudhuria mafunzo endelevu ya usalama wa dawa, utunze vyeti. Ukipata nafasi ya kujitolea, omba makubaliano ya maandishi na msimamizi anayejulikana. Kama barua ya kuachishwa umeipokea juzi, fungua kalenda leo: siku zile 30 zimeshaanza kuhesabiwa.