Ndege Imefilisika, Nauli Yako Iko Wapi?

Mwanachuo mwenzangu wa Mtwara, tuanze na hesabu ndogo. Posho ya chakula na malazi ya HESLB, kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa siku, ni shilingi 300,000 kwa siku 30. Tiketi ya ndege ya kwenda Dar na kurudi inaweza kuimeza pesa hiyo yote kwa mpigo mmoja. Sasa jiulize: siku tatu kabla ya safari, shirika lenyewe likitangaza kwamba haliruki tena, bumu lako la mwezi mzima limekwenda wapi? Na nani atakurudishia?

Wengine watasema, "Aah, sisi ni watu wa basi." Sawa. Lakini mwaka 2024, mwezi wa tano, mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilipokata barabara upande wa Somanga, wilayani Kilwa, basi halikuwa na pa kupita, na mwenye haraka aliangalia juu. Serikali ya wanafunzi nayo hukata tiketi za pamoja kwa ajili ya michezo, midahalo na mikutano. Kwa hiyo somo hili linamhusu hata yule ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wa ndege wa Mtwara, kwa sababu mchango wake unaweza kuwa ndani ya tiketi hizo.

Tiketi si stakabadhi ghalani

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba pesa uliyolipa imewekwa mahali inakusubiri. Hapa kwetu kusini tuna mfano mzuri wa kutofautisha. Mkulima wa korosho, tangu msimu wa 2007/2008 ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani, akipeleka mzigo anapewa stakabadhi. Korosho zile zimelala ghala la mtu mwingine, lakini bado ni mali ya mkulima mpaka ziuzwe mnadani. Stakabadhi inasema: hiki kitu ni changu.

Tiketi ya ndege haisemi hivyo. Ukishalipa nauli, ile pesa inakuwa mali ya shirika. Inanunua mafuta ya leo, inalipa mishahara ya mwezi huu, inapunguza deni la mwezi uliopita. Wewe unabaki na ahadi ya kusafirishwa. Ahadi ikivunjika, unakuwa mdai. Yaani umeikopesha kampuni bila riba, bila dhamana, na pengine bila kujua. Ukilielewa hili, mengine yote yanafuata.

Tulichokiona kwa Fastjet

Fastjet ilianza safari zake Tanzania tarehe 29 Novemba 2012, kwa njia za Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Nauli zake za chini ziliwapandisha ndege Watanzania wengi kwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa 2018 kampuni mama ya nje iliuza sehemu kubwa ya hisa, na Lawrence Masha, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akawa mwenyekiti mtendaji na mmiliki mkuu. Desemba hiyohiyo mambo yalikwama. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA, ilitoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni, ikitaja madeni na kukosa ndege za kuendesha huduma. Safari za msimu wa sikukuu zikafutwa, abiria wakaambiwa wadai marejesho, na Fastjet Tanzania haikurudi tena angani.

Angalia ule mwezi: Desemba. Ni mwezi ambao tiketi zimeshauzwa kwa wingi, watu wanakwenda kula sikukuu kwao. Kampuni inayoyumba hupenda mno tiketi za mbele, kwa sababu ndiyo fedha taslimu ya haraka.

Lakini si kila ndege inayosimama imefilisika. Desemba 2008 TCAA ilisimamisha cheti cha uendeshaji cha Air Tanzania kwa sababu za viwango, na Januari 2009 shirika likarudi hewani. Kwa jirani zetu Kenya, Jetlink ilisimamisha safari Novemba 2012 ikieleza kwamba fedha zake nyingi zilikwama Sudan Kusini. Kwa hiyo kabla hujaanza kulia, ujue kwanza shirika lako liko kwenye hali gani.

Hali tatu, milango mitatu

Hali ya kwanza: safari imefutwa, kampuni ipo na inaendelea kuruka. Hapo unadai moja kwa moja kwa shirika, kwa maandishi. Ukipewa chaguo la kubadilishiwa tarehe au kupewa vocha, jiulize kama unaiamini kampuni hiyo kuwa hai miezi sita ijayo. Vocha ni ahadi nyingine juu ya ile ya kwanza. Ukiona mashaka, omba fedha.

Hali ya pili: shirika limesimama au limenyang'anywa leseni, ila kampuni bado ipo kisheria. Ofisi zinaweza kuwa wazi, simu zinaweza kupokelewa. Hii ndiyo dirisha la dhahabu, na halikai wazi muda mrefu. Peleka dai mara moja kwa shirika, na nakala kwa TCAA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo kazi yake ni kusimamia maslahi ya abiria. TCAA hailipi deni la shirika, tusidanganyane. Lakini barua ya mdhibiti ina uzito kuliko simu yako mara kumi.

Hali ya tatu: mahakama imetoa amri ya kufilisi kampuni. Hapa meneja uliyemzoea hana tena mamlaka. Mwenye funguo ni mfilisi. Anaweza kuwa mtu binafsi mwenye sifa, au kazi ikawa chini ya RITA, ambao jina lao lenyewe linajieleza: Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Ukishafika hapo, huwezi kwenda tu kufungua kesi yako dhidi ya kampuni. Inahitaji ruhusa ya mahakama. Unachofanya ni kuwasilisha uthibitisho wa deni kwa mfilisi ndani ya muda uliotangazwa. Tangazo hutoka gazetini na kwenye Gazeti la Serikali. Usipojitokeza, mgao unafanyika bila jina lako.

Foleni ya wadai

Sasa tufike pagumu. Katika ufilisi watu hawalipwi kwa utaratibu wa nani aliumia zaidi. Kuna foleni ya kisheria. Mbele wako wenye dhamana, kama benki iliyoshikilia hati ya jengo. Kuna gharama za kazi ya ufilisi yenyewe. Kuna madeni ya kipaumbele, kama baadhi ya kodi na mishahara ya wafanyakazi. Nyuma yao ndiyo kundi la wadai wasio na dhamana: muuza chakula, mwenye kufua sare, na wewe na tiketi yako. Wenye hisa wanakuja mwisho kabisa.

Na zile ndege? Mara nyingi ni za kukodi. Mwenye nazo anakuja kuzichukua, na huwezi kumkatalia, kwa sababu hazikuwa mali ya shirika hata siku moja.

Tufanye mfano wa darasani, tarakimu za kubuni. Mali za kampuni zimeuzwa kwa shilingi bilioni 2. Wenye dhamana wanachukua bilioni 1.2. Gharama za ufilisi ni milioni 200. Mishahara na kodi ni milioni 400. Zimebaki milioni 200. Wadai wasio na dhamana, wote kwa pamoja, wanadai bilioni 2. Kila shilingi moja ya deni inapata senti 10. Tiketi yako ya 300,000 inarudi kama 30,000, pengine baada ya miaka. Kwa maneno mengine, siku 30 za kula zimegeuka siku 3.

Ndiyo maana wajanja hawaisubiri foleni. Wanatafuta njia ya kuizunguka, kihalali.

Ulilipaje? Hilo ndilo swali kubwa

Kadi ya benki. Kama ulilipa kwa Visa au Mastercard, mwambie benki yako kwamba unapinga muamala kwa sababu huduma haikutolewa. Benki yako inawasiliana na benki ya upande wa shirika, na dai likikubaliwa pesa inarudi bila wewe kupanga foleni kwa mfilisi. Uzuri wake ni kwamba kazi ya kulifukuza shirika inahamia kwa mabenki. Ubaya wake ni muda: kwa kawaida ni siku 120 kuanzia tarehe ambayo ulitakiwa kusafiri, na benki yako inaweza kutaka umeripoti mapema zaidi. Usingoje. Mtu wa tawini akikwambia "hatuna kitu kama hicho", omba kitengo cha kadi makao makuu, na andika barua. Benki ikikaa kimya, Benki Kuu inapokea malalamiko ya wateja wa mabenki.

Pesa ya simu. Hapa tuwe wakweli: hii ndiyo njia tunayoitumia zaidi na ndiyo yenye kinga ndogo. Kurudisha muamala uliokosea namba ni jambo moja; kurudisha malipo sahihi kwa kampuni iliyoanguka ni jambo jingine. Bado, toa taarifa mapema, na usifute ujumbe wa muamala. Namba yake ndiyo ushahidi wako.

Wakala wa tiketi. Mawakala waliosajiliwa na IATA hupeleka fedha za mauzo kwa vipindi kupitia mfumo wa pamoja, si kila saa. Kama ulilipa karibuni, huenda pesa haijalifikia shirika. Nenda kwa wakala siku hiyohiyo, umuulize kwa heshima: "Kaka, au dada, fedha zangu zimeshapelekwa au bado?" Na kama wakala alikuuzia safari nzima, pamoja na hoteli, dai lako linaweza kuwa juu yake mwenyewe.

Taslimu dirishani. Hapa huna njia ya mkato. Una risiti tu, kwa hiyo risiti hiyo uitunze kama cheti cha form four.

Wenzetu wanafanyaje?

Tarehe 23 Septemba 2019 kampuni ya Thomas Cook ya Uingereza ilianguka ikiwa na wateja zaidi ya 150,000 wa nchi hiyo wakiwa mapumzikoni nje. Walirudishwa nyumbani, na waliokuwa wamelipia safari za mbele za pamoja na hoteli walirudishiwa fedha. Haukuwa muujiza. Uingereza ina mpango uitwao ATOL, ambapo kila mteja wa safari ya namna hiyo anachangiwa pauni 2.50 kwenye mfuko. Kampuni ikifa, mfuko unalipa. Hata hivyo, aliyenunua kiti cha ndege peke yake, moja kwa moja kwa shirika, kwa kawaida hayumo.

Kwetu hakuna mfuko wa namna hiyo. Na hapa ndipo ninapotaka tubishane, wanasheria na wanauchumi wa chuo: je, shilingi chache juu ya kila tiketi zingekuwa mzigo, au bima ya mnyonge? Wapo watakaosema nauli tayari ina tozo za kutosha. Mimi naona abiria ndiye mkopeshaji pekee katika foleni ile ambaye hakujua kwamba anakopesha. Benki ilidai hati kabla ya kutoa fedha. Mwenye ndege alibaki na umiliki wake. Mwanafunzi alipewa karatasi yenye namba sita za herufi na tarakimu.

Kwa mhazini wa serikali ya wanafunzi

Ukibeba michango ya watu 40, fanya mambo manne. Usilipie tiketi za miezi mitano mbele kwa sababu tu ni rahisi. Punguzo la ajabu kutoka kwa shirika linalofuta safari kila wiki ni dalili, si bahati. Lipa kwa kadi inapowezekana. Weka nakala za tiketi, risiti na barua pepe mahali pawili. Na andika orodha ya nani alichangia kiasi gani, ili marejesho yakija yasizae ugomvi mwingine.

Maswali ya kujipima

1. Asha amelipa kwa kadi, safari ilikuwa iwe tarehe 20 Desemba. Shirika limesimama tarehe 15. Aanze wapi, na kwa nini asisubiri mfilisi?

2. Shirika limemwahidi Juma vocha yenye thamani kubwa kuliko tiketi yake. Taja sababu moja ya kukubali na moja ya kukataa.

3. Katika mfano wetu wa bilioni 2, kama jengo la kampuni lisingekuwa rehani benki, na deni lile la bilioni 1.2 likaingia kundi la wasio na dhamana, tiketi ya 300,000 ingerudi shilingi ngapi? Kumbuka kwamba fedha za kugawa zinaongezeka, lakini na wadai pia wanaongezeka.

Atakayepata 131,250 ameelewa foleni. Aliyepata 210,000 amesahau kwamba benki haikuondoka. Imerudi nyuma tu, imesimama pamoja naye.