Upele wa bwenini hautibiwi na mtu mmoja

Wiki iliyopita tulimaliza somo letu la maji ya kunywa. Leo tuwageukie vijana wetu walioko vyuo vikuu, pamoja na wazazi ambao kila mwaka ifikapo Oktoba na Novemba huwafungia godoro, ndoo na begi la nguo kuwapeleka bwenini. Mzazi humuusia mwanawe asome, asiache swala na achague marafiki. Ni nadra kumsikia akimuusia juu ya kitanda. Nasi matabibu, mengi tunayoyaona kwa wanafunzi hawa yanatokana na kitanda.

MAISHA YA BWENINI

Aliyewahi kuishi bwenini anayajua. Chumba kidogo kina vitanda viwili vya dabodeka. Kamba ya nguo imefungwa kutoka dirishani hadi mlangoni, na ndoo zimepangwa uvunguni. Pasi ni moja, sufuria ni moja, na siku ya haraka hata taulo huwa moja. Bafu na vyoo ni vya korido nzima. Humo kijana hujifunza kuvumiliana na kuishi na watu wa makabila na tabia tofauti, jambo ambalo ni elimu pia.

Tatizo ni kwamba wanafunzi ni wengi kuliko vitanda. Mabweni huongezwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, mwaka 2017 kilifunguliwa majengo mapya 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840. Hata hivyo si kila anayedahiliwa hupata chumba, na kupanga mtaani kunataka kodi na nauli. Hapo ndipo lilipozaliwa lile wanafunzi wanaloliita "kubebana": mwenye kitanda humchukua mwenzake asiye nacho, wakalala wawili kwenye godoro la mtu mmoja, mara nyingi mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni mwa yule. Kwa kuwa kanuni za mabweni haziruhusu, aliyebebwa huishi kwa kujificha.

KIJANA ALIYERUDI MARA TATU

Kijana mmoja wa mwaka wa pili alinijia akijikuna. Vipele vilikuwa katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono na kiunoni, na alisema usiku halali. Nikampa dawa na maelekezo. Baada ya mwezi akarudi na hali ile ile. Nikamuuliza wanalala wangapi chumbani, akasema wanne. Nikampa dawa ya wote wanne.

Mara ya tatu aliponijia alikuwa na majipu mapajani kwa kujikuna, na mtihani ulikuwa umekaribia. Nikafunga mlango, nikamuuliza: "Mdogo wangu, na kitandani kwako mnalala wangapi?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Dokta, nikisema tutafukuzwa wote wawili."

Kumbe chumba kilikuwa na watu watano. Yule wa tano alikuwa akiwashwa tangu zamani kuliko wote, lakini aliogopa kusema asije akaambiwa aondoke, maana hakuwa na pa kwenda. Nilimwambia aje naye, na kwamba mimi natafuta upele, sitafuti mvunja kanuni. Siri ya mgonjwa kwangu ni amana. Walitibiwa watano siku moja, na haukurudi tena.

UPELE NI NINI?

Upele husababishwa na mdudu mdogo mno ambaye ni vigumu kumuona kwa macho. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga humo mayai mawili au matatu kila siku. Mgonjwa wa kawaida huwa na wadudu kama 10 hadi 15 tu mwili mzima, lakini mwili huwachukia, na hiyo ndiyo sababu ya mwasho mkali, hasa usiku.

Mdudu huyu harukі wala hapai. Hutembea kutoka ngozi hadi ngozi pale watu wanapogusana kwa muda. Salamu ya mkono ya haraka kwa kawaida haitoshi kumhamisha, ila kulala kitanda kimoja kunatosha kabisa.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea: anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki mbili hadi sita kabla hajaanza kuwashwa, na muda wote huo anaambukiza. Kwa hiyo maneno "mimi siwashwi, mpe yeye dawa" si hoja. Ndiyo sababu upele hurudi katika chumba ambacho mmoja ametibiwa na wengine wameachwa.

Wala upele si dalili ya uchafu. Anayeoga mara tatu kwa siku huupata akilala na mwenye nao. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, maana husumbua watu wengi duniani, na vidonda vya kujikuna huweza kuingiwa na bakteria ambao wakati mwingine huathiri hadi figo.

NAMNA YA KUUTIBU

1. Wote wanaolala chumba kimoja watibiwe siku moja, wanaowashwa na wasiowashwa, pamoja na aliyebebwa.

2. Dawa ya kupaka iliyozoeleka kwetu ni BBE. Oga, jikaushe, kisha paka mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni: katikati ya vidole, chini ya kucha, kwapani, kitovuni na sehemu za siri. Usipake kwenye vipele peke yake. Kaa nayo saa 24, na irudie kama utakavyoelekezwa na mtaalamu. Zipo pia dawa nyingine za kupaka na za kumeza. Mjamzito na mtoto mdogo wasijitibu wenyewe.

3. Unapotawadha, maji huondoa dawa mikononi na miguuni. Ukimaliza kuswali, paka tena sehemu hizo. Wengi hushindwa kupona kwa kusahau jambo hili dogo.

4. Siku hiyo hiyo fueni kwa maji ya moto mashuka, taulo na nguo zilizovaliwa siku za karibuni, muanike juani na kupiga pasi. Kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko unaofungika barabara kwa siku tatu hadi wiki, kwani mdudu huyu akitoka mwilini hadumu zaidi ya siku chache.

5. Mwasho huweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata baada ya wadudu kufa. Usiongeze dawa kila siku kwa wasiwasi, utaiunguza ngozi. Ukizidi muda huo, rudi upimwe.

USICHANGANYE NA KUNGUNI

Kunguni haingii ndani ya ngozi. Hukaa kwenye maungio ya kitanda na pindo za godoro, hung'ata sehemu zilizo wazi, mara nyingi kwa mstari, na huacha madoa ya damu kwenye shuka. BBE haimsaidii mwenye kunguni. Anikeni magodoro, mwageni maji yanayochemka kwenye maungio ya vitanda, na mtoe taarifa ili jengo zima lishughulikiwe. Msipulize dawa za shambani kwenye godoro analolalia mtu.

Na aliye na kikohozi cha wiki mbili au zaidi akapime kifua kikuu. Vipimo na dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali. Madirisha ya chumba yawe wazi.

NASAHA

Madrasa tulifundishwa tangu wadogo kuwa watoto wakifika miaka kumi watenganishwe malazi. Kwa hiyo lililo bora ni kila mtu na godoro lake, hata likiwa jembamba la kutandika sakafuni. Lakini siwezi kumlaumu kijana aliyemsitiri mwenzake asilale nje. Ninachomuomba ni kwamba huruma hiyo ifike hadi kwa tabibu. Ukimficha ndugu yako ili asifukuzwe, usiyafiche na maradhi yake.

Wazazi, ongezeni shuka la pili na taulo kwenye begi, na mkipiga simu muulize: unalala na nani, na usiku unalala vizuri?

Wiki ijayo, inshaallah, tutazungumzia fangasi wa miguu. Wabillahi tawfiq.