SOMO LA WIKI: "HATUKUMTUPA"
Mila, Dini na Jamaa Mbele ya Kifo

Maandiko ya kusoma: Mwanzo 23; Marko 7:9-13; Yohana 11:17-44; 1 Wathesalonike 4:13-18

Lengo: Mwamini ajue kutenganisha desturi na imani wakati wa msiba, asije akavunja nyumba akidhani anatetea injili.

Utangulizi

Somo hili nimeliandika nikiwa na deni, na utaona ni deni gani.

Tulipomzika mama yangu hapa Illasit, hema zilijaa. Watu walitoka Kimana na Loitokitok, wengine wakavuka mpaka kutoka Tarakea. Mama alikuwa amemtumikia Bwana miaka mingi, na mimi nilipewa nafasi ya kushukuru kwa niaba ya familia. Jeneza likishushwa, nikamwona baba mkubwa amesimama mbali kabisa, kwenye ua wa miiba, amelipa kaburi mgongo. Nikakasirika. Nikashika maiki nikasema, "Tumshukuru Mungu ametutoa gizani. Wazee wetu walikuwa wanawatupia fisi watu wao, lakini leo tunazika kwa heshima!" Watu wakasema amina. Baba mkubwa akachukua fimbo yake akaenda zake. Hata chakula hakugusa.

Kwa miezi minne hakuongea na mimi. Nikipita barabarani, anaangalia Kilimanjaro kana kwamba ameuona mlima huo kwa mara ya kwanza.

1. Mila: ujue kabla ya kuhukumu

Roho Mtakatifu hakuniacha. Kila nikifungua Biblia, namwona yule mzee kwenye ua. Mwishowe nikachukua sukari na majani ya chai, nikaenda bomani kwake. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Ulisema tulitupa. Mimi ni mmoja wa waliombeba babu yako. Hatukumtupa. Tulimpaka mafuta ya kondoo. Tukamlaza kwa ubavu, kama mtu aliyelala. Tukamwekea majani mabichi mkononi. Usiku ule hakuna aliyelala, tulikuwa tunasikiliza kama fisi watakuja, maana wasipokuja ni aibu kwa boma. Wewe ulilala usiku wa kumzika mama yako?"

Wapendwa, mimi nililala. Nilikuwa nimechoka na mambo ya kamati na bajeti.

Wengi wetu Wamaasai tumekulia kwenye mabadiliko haya. Zamani kuzikwa kulikuwa kwa wachache, kama oloiboni na wazee wenye heshima kubwa. Huyo alilazwa kwenye shimo lisilo na kina, akarundikiwa mawe, na mpita njia aliongeza jiwe lake. Wengine walipelekwa porini. Na jina la marehemu halikutajwa tena na watu wake. Mimi sikuwahi kulisikia jina la babu kinywani mwa koko. Ilipofika siku ya kuandikisha shamba, karani akamuuliza jina la mumewe, koko akanyamaza. Ikabidi mzee mmoja wa rika la babu amsogelee karani na kulinong'ona.

Mimi nilidhani koko amemsahau mumewe. Kumbe kunyamaza ndiko kulikuwa kulia kwake.

2. Dini: injili imebadilisha nini?

Hapa tuwe waangalifu. Sisemi kila mila ni nzuri. Bwana Yesu katika Marko 7 aliwakemea watu waliotumia mapokeo kukwepa kuwatunza wazazi wao. Mila inayomnyang'anya mjane ng'ombe na shamba, hiyo tuikatae bila kupepesa macho (Yakobo 1:27). Mila inayotaka tuogope wafu au tuwaombe, hiyo msalaba umeimaliza.

Lakini tujiulize pia: je, kila tunachofanya leo ni cha Biblia? Ibrahimu alipofiwa na Sara mwenye miaka 127, alinunua pango kwa shekeli 400 za fedha, akamzika humo. Lazaro aliwekwa pangoni. Bwana wetu mwenyewe aliviringishwa sanda, akalazwa katika kaburi la mwamba. Hakuna hapo jeneza la kung'aa, wala wiki mbili za mochari, wala fulana zenye picha ya marehemu. Hivyo ni vitu vya wakati wetu. Si dhambi, lakini si wokovu. Na sisi tumeshajitengenezea mila, tukaipa jina la Kikristo.

Dada mmoja aliniuliza baada ya ibada, "Mwalimu, babu yangu aliliwa na fisi. Atafufukaje?" Swali zuri sana. Jibu liko Ufunuo 20:13: hata bahari itawatoa wafu waliomo ndani yake. Mungu anayejua waliozama baharini hashindwi na nyika ya Amboseli. Tumaini letu halikai kwenye kina cha shimo. Linakaa kwake yeye aliyetoka kaburini. Kuhusu waliokufa kabla ya kuisikia injili, tuwaachie Hakimu wa dunia yote, ambaye Ibrahimu alijua kwamba hutenda haki (Mwanzo 18:25).

Na angalia Yohana 11 tena. Yesu alijua atamfufua Lazaro baada ya dakika chache. Hata hivyo alilia kwanza. Hakupanda juu ya kaburi kuwaeleza Martha na Mariamu makosa ya desturi zao. Mimi nilianza na maiki, yeye alianza na machozi.

3. Jamaa: zungumzeni mkiwa hai

Wazee wetu hapa Kenya wanakumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986 bila kuacha wosia. Mke wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Upper Matasia, upande wa Ngong, katika Kajiado yetu hii. Alisema mumewe aliishi maisha ya kisasa na ya Kikristo. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, naye akazikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei 1987. Mjane hakuhudhuria. Mwili ulikaa miezi mitano bila kuzikwa.

Sitaki kuamua nani alikuwa na haki. Nataka tuone kwamba mila, dini na jamaa vinaweza kukutana juu ya jeneza moja na kila kimoja kikavuta upande wake. Wakati huo marehemu hawezi kusema kitu.

Yakobo alisema mapema anataka kuzikwa wapi, akamwapisha Yusufu (Mwanzo 47:29-31). Hezekia aliambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake (Isaya 38:1). Yesu akiwa msalabani alipanga nani atamtunza mama yake (Yohana 19:26-27). Kupanga si kujiombea kifo, kama wengine wanavyosema. Ni upendo. Na usimwambie mke peke yake, au ndugu peke yake. Waite pande zote mbili, useme, na uandike.

Hitimisho

Siku ile bomani niliomba msamaha. Baba mkubwa hajaokoka, na mimi naendelea kumwombea. Lakini alinipa kikombe cha chai, akasema, "Mimi nikifa mtanizika, najua. Siku hizi ni hivyo. Jina langu mkitaka kulitaja, litajeni. Ila usishike maiki useme wazee wangu walitupa watu."

Nikamwahidi. Na kwa kuwa nilikosea mbele za watu, nimeona nilipe mbele za watu, kupitia gazeti hili: baba mkubwa, nilikosea.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni desturi gani ya msiba kwenu inayomheshimu Mungu na watu? Ni gani inayomwumiza mjane au yatima?
2. Je, familia yako inajua unataka uzikwe wapi na vipi? Nani bado hajaambiwa?
3. Kuna mzee ambaye ulimvunjia heshima ukidhani unahubiri? Utamwendea lini?

Ombi: Bwana Yesu, uliyelia kaburini kwa rafiki yako, utufundishe kulia na wanaolia kabla ya kuwafundisha. Utupe ujasiri wa kukataa mila inayodhulumu, na unyenyekevu wa kuomba msamaha. Amina.