Chakula cha Safari ya Miguu

Mwaka jana nilikwenda kwa miguu kutoka Masaka hadi Namugongo, kuhiji katika sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Siku mbili kabla ya kuondoka niliacha posho, matoke na viazi, nikala nyama kavu isiyo na mafuta. Nilikuwa nimesoma kwamba watu wa nchi za barafu husafiri mbali bila kula wanga, nami nikadhani nimepata siri. Siku ya pili miguu ilikataa kupanda kilima. Bibi mmoja, hujaji mwenzetu, akaniuliza, "Mjukuu wangu, umekula nini?" Nilipomweleza alicheka, akanipa kiazi kitamu. Nilifika Namugongo nyuma ya wenzangu wote. Niliporudi shuleni nilifungua vitabu tena kutafuta kosa langu.

Kwanza tujue akiba za mwili. Wanga tunaokula hugeuka sukari, na sehemu yake huwekwa katika misuli na ini. Akiba hiyo ni ndogo: kadiri ya gramu 400 hadi 500, yaani kalori 2,000 hivi. Lakini mtu mwenye kilo 8 za mafuta mwilini ana kalori zaidi ya 60,000. Kwa nini basi nilichoka? Kwa sababu mwili uliozoea wanga hauwezi kujifunza kwa siku mbili kutegemea mafuta.

Luteni Frederick Schwatka wa Marekani aliyaona hayo. Tangu Aprili 1879 hadi Machi 1880 yeye na wenzake, pamoja na Wainuiti, walisafiri zaidi ya kilometa 5,200 kaskazini mwa Kanada, wakitafuta mabaki ya msafara wa Franklin. Chakula chao kikubwa kilikuwa nyama ya renidia waliowawinda njiani. Schwatka aliandika kwamba mwanzoni nyama hiyo haikuwatosha, wakawa dhaifu. Lakini baada ya wiki mbili au tatu udhaifu uliondoka.

Kosa langu la pili lilikuwa kukosa mafuta. Mwaka 1928, mjini New York, msafiri Vilhjalmur Stefansson alijaribiwa na madaktari kwa kula nyama tupu. Alipopewa nyama isiyo na mafuta aliugua kwa siku chache tu. Alipoongezewa mafuta alipona. La tatu ni chumvi: mtu aachapo wanga, siku za kwanza mwili hupoteza maji na chumvi nyingi.

Tena, hata aliyezoea ana mpaka wake. Mwaka 2017 wataalamu wa Australia walitangaza matokeo ya kuwapima wanamichezo wa kutembea kwa kasi. Wale walioacha wanga kwa wiki tatu walichoma mafuta mengi sana, lakini walihitaji oksijeni zaidi, na muda wao wa kilometa 10 haukuwa bora. Waliokula wanga waliendelea mbele. Basi mafuta yafaa mwendo wa polepole wa kutwa. Mwendo wa kasi wahitaji wanga.

Wenzangu, anayetaka kujaribu na aanze majuma matatu au zaidi kabla ya safari, ale karanga, parachichi, mayai na nyama yenye mafuta, wala asisahau chumvi. Mwenye kisukari amwone daktari kwanza. Mimi mwaka huu nitabeba viazi vyangu, na kimoja cha ziada kwa atakayekwama kilimani.