Insha ya Kulinganisha: Kipimo cha Mkojo na Hojaji

Swali: "Linganisha upimaji wa dawa za kulevya na maelezo ya mtu mwenyewe kuhusu matumizi yake." Watahiniwa wengi huandika kwamba kipimo husema kweli na mtu huongopa, kisha huishia hapo. Hiyo ni nusu ya jibu.

Anza na kile ambacho kila mbinu hupima. Mkojo hujibu swali moja tu: je, mabaki ya dawa yamo mwilini sasa? Ya kokeini na heroini huonekana kwa siku mbili hadi nne hivi. Ya bangi hukaa siku chache kwa aliyevuta mara moja, lakini kwa mvutaji wa kila siku yanaweza kufika mwezi mzima. Kwa hiyo mvutaji sugu aliyeacha wiki mbili zilizopita anaweza kunaswa, na aliyetumia heroini Jumamosi akapita Ijumaa. Hojaji huuliza mengine: ulianza lini, mara ngapi, kwa nini. Hakuna chupa ya mkojo inayojibu hayo.

Je, watu husema kweli? Mwaka 1987 Marekani ilianzisha mpango wa kuwahoji watu waliokamatwa na polisi na kuwapima mkojo kwa hiari yao. Wengi waliokutwa na kokeini walikuwa wamekana kuitumia siku za karibuni. Usishangae: aliye mahabusu ana sababu ya kuficha. Mwanafunzi anayejaza hojaji isiyo na jina ana sababu ndogo zaidi, ingawa wapo wanaojisifia wasichokitumia. Ndiyo maana baadhi ya watafiti huingiza katika hojaji jina la dawa isiyokuwapo duniani. Anayedai kuitumia, majibu yake yote hutiliwa shaka. (Hoja hii wachache huiandika, itumie.)

Kipimo nacho hukosea. Dawa ya kikohozi yenye kodeini inaweza kuleta jibu sawa na la mtumiaji wa afyuni. Kipimo cha awali lazima kithibitishwe maabarani kwa mbinu nyingine. Mwanafunzi anayefukuzwa shule kwa kipimo cha kwanza pekee ameonewa.

Zoezi
1. Juma amejaza kwamba alivuta bangi mara moja mwaka huu. Mkojo wake hauna kitu. Je, ameongopa? Eleza. (alama 4)
2. Ungetaka kujua vijana huanza dawa wakiwa na umri gani, ungetumia mbinu ipi? Toa sababu mbili. (alama 4)