Tone la Damu na Ugonjwa wa Selimundu

Mtoto anayevimba vidole na kulia maumivu ya viungo mara kwa mara msiseme amerogwa. Huenda ana selimundu. Mpelekeni akapimwe.

Mpimaji huchukua tone la damu, hulichanganya na dawa inayoondoa oksijeni, hulifunika kwa kioo na kulitazama kwa hadubini. Chembe nyekundu za kawaida hubaki duara; zenye hitilafu hujikunja kama mundu wa kukatia majani.

Lakini angalieni: hujikunja pia kwa mtu mzima wa afya aliyerithi hitilafu kwa mzazi mmoja tu. Kipimo cha pili, cha kutenganisha hemoglobini kwa umeme, ndicho huwatofautisha. Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyefanya uchunguzi Uganda, alionyesha kuwa watu hao wana kinga kiasi dhidi ya malaria. Ndiyo maana hitilafu hii imeenea palipokuwa na malaria karne nyingi, Pemba ikiwemo.

Baba na mama wakiwa nayo wote wawili, katika kila mimba nafasi ya kupata mtoto mgonjwa ni 1 kati ya 4. Wachumba, pimeni damu kabla ya ndoa. Na mtoto mwenye selimundu akipata homa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.