Somo la ushonaji: koseti na umbo la mwili

Baadhi ya kamati zimetuuliza kwa nini darasa letu linajifunza koseti. Ni kwa sababu ya gauni za harusi. Bibi harusi mmoja aliishiwa pumzi akijaribu gauni tulilomshonea, nasi tukalaumu kamba za mgongoni.

Kosa lilikuwa letu, kwenye kukata. Umbo hutokana na vipande, vyembamba kiunoni na vipana kifuani na nyongani, vya pamba nzito isiyovutika. Vijiti havibani kiuno. Huzuia tu kitambaa kisijikunje. Zamani Ulaya vilitoka kinywani mwa nyangumi (viliitwa mifupa, wala si mifupa), kisha vikawa vya chuma. Vya plastiki ni rahisi, lakini joto la mwili huvipinda.

Koseti haipunguzi mafuta. Husukuma nyama laini juu na chini, na ikikazwa mno hubana mbavu za chini, mapafu yakakosa nafasi ya kutanuka. Kwa hiyo sasa mteja hupimwa akiwa amesimama, kisha ameketi, na huvuta pumzi ndefu kabla hatujakata.

Gauni lile tulilifumua, tukaongeza kipande kila ubavu.